Nyumba ya Uzeeni Juu ya Mteremko



Katika maisha ya mtumishi wa umma wa nchi yetu ipo siku moja ambayo fedha nyingi kuliko zote alizowahi kuzishika humfikia kwa pamoja, nayo ndiyo siku ambayo nguvu za kuzichuma tena zimekwisha. Kwa hiari anaweza kustaafu akiwa na miaka 55. Kwa lazima atastaafu akiwa na miaka 60. Siku hiyo huagwa kwa hotuba na zawadi, hupewa kiti cha mbele, kisha hurudi nyumbani kungoja mafao. Na wengi, mafao yakishaingia, hujenga. Juma hili nimekuwa nikiwaza juu ya nyumba hizo zinazojengwa kwa kiinua mgongo, na hasa zile zinazojengwa juu ya miteremko.

Mnakumbuka mjadala mkubwa wa kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF. Baadaye, kuanzia Julai 2022, sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo iliwekwa kuwa asilimia 33, ilhali walimu na wengine wengi walikuwa wamezoea asilimia 50. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuipandisha hadi 40 kwa kundi hilo. Sehemu iliyobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Sitaki kuufufua mjadala huo hapa. Nautaja kwa sababu kila asilimia iliyopungua katika mkupuo ni mifuko ya saruji iliyopungua katika msingi, na mstaafu anayebana matumizi huanza kubana pale ambapo macho ya watu hayafiki, yaani chini ya ardhi.

Babati imekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na mji umepanuka kwa kasi. Kama ilivyo kila mahali, viwanja vya tambarare huwahiwa na wenye fedha. Anayekuja baadaye hupewa mteremko. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyenunua kiwanja Singe miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa kudunduliza mshahara. Amefundisha shule za msingi kwa miaka 36. Kiwanja chake kinashuka kwa kiasi cha mita 1 katika kila mita 8. Kwa mtoto anayekimbiza tairi huo ni mteremko wa furaha, lakini kwa msingi wa nyumba ni jambo la kukaa na kulitafakari. Aliniomba nifike kubariki mahali pa msingi kabla ya kuchimba, na kwa kuwa kamba zilikuwa zimekwisha kuvutwa juu ya mambo, nikapata nafasi ya kuona nyumba ingekaaje.

Barabara ya mtaa inapanda ubavuni mwa kiwanja. Mwalimu alitaka nyumba yake itazame barabara, kama nyumba zote za watu wenye heshima zinavyotazama, nayo ilikuwa na urefu wa mita 14 na upana wa mita 8. Sasa fikirini: nyumba ikiitazama barabara inayopanda, urefu wake wote unalala kwa kushuka na mlima. Katika mita hizo 14 ardhi inashuka mita 1.75. Kichwa cha nyumba kingegusa nyasi, na miguu ingening'inia usawa wa utosi wa mtu mzima.

Fundi, ambaye ni mtu mwenye mikono mizuri na mwenye kuheshimika mtaani, alikuwa na njia mbili za kuumaliza mteremko huo. Ya kwanza ni kujaza kifusi upande wote wa chini hadi usawa mmoja upatikane, kisha kumwaga jamvi juu yake. Ya pili, iliyo nafuu zaidi, ni kuigawa sakafu katika mapande matatu yanayoshuka pamoja na ardhi: juu vyumba vya kulala, katikati sebule, chini jiko na choo. Kila pande lingekuwa chini ya jingine kwa karibu sentimita 58, maana yake ngazi nne, kisha nne tena.

Niliisikia hesabu hiyo nikamtazama mama wa nyumba. Alikuwa amekaa juu ya tofali, mguu mmoja ameunyoosha, kwa sababu goti lake la kulia haliukunji vizuri tangu miaka kadhaa. Ngazi nane kati ya kitanda na choo, usiku, umeme ukiwa umekatika! Wachoraji wa ramani humpima mwenye nyumba siku anapowalipa. Wanamkuta ana miaka 60, anatembea, anabeba ndoo, anapanda boda boda bila kusaidiwa. Lakini nyumba ya mstaafu haijengwi kwa ajili ya mtu wa miaka 60. Inajengwa kwa ajili ya mtu wa miaka 80 ambaye bado hajafika, na ambaye akifika hatakuwa na fedha ya kubomoa na kujenga upya. Mtu huyo huenda akawa na fimbo, huenda akawa katika kiti cha magurudumu, huenda akawa hauoni ukingo wa ngazi ya mwisho. Kwa kiti cha magurudumu, kanuni inayotumika mahali pengi duniani ni kwamba mteremko wa njia usizidi 1 kwa 12. Kwa hiyo kuushinda mwinuko wa sentimita 58 peke yake kunahitaji njia ya mita 7 ndani ya nyumba yenye mita 14. Haiwezekani. Ngazi hizo nane zikishajengwa, mwenye nyumba atakapozeeka sana ataishi katika theluthi moja ya nyumba yake.

Na ataishi hapo, si kwingine. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo tegemeo la kwanza la matunzo ya wazee. Makazi ya Serikali yapo, nasi tunayo jirani kule Sarame, Magugu, lakini makazi hayo ni kwa wale wasio na mtu wala mahali. Wengine wote watazeekea katika nyumba walizojenga wenyewe.

Basi njia ya kwanza, ya kujaza kifusi? Hapo ndipo alipofika kijana mmoja mhandisi, aliyesomeshwa na mwalimu huyu huyu darasa la nne. "Shikamoo, Mwalimu," alisema akiwa bado hajashuka vizuri kwenye pikipiki. "Marahaba, mwanangu. Haya, leo wewe ndiwe unayesahihisha." Tukacheka. Lakini kijana alipomaliza kuzunguka kamba zile hakucheka tena. Aliomba kijiti, akaandika mavumbini.

Udongo, alieleza, una uzito wa kiasi cha tani 1.8 kwa kila mita moja ya ujazo. Kuujaza mteremko ule chini ya nyumba yote kungehitaji karibu mita 98 za ujazo, yaani zaidi ya tani 170 za kifusi. Tani hizo hazikai tu zikatulia. Zinasukuma. Ukuta wa msingi wa upande wa chini, wenye kimo cha mita 1.75, ungesukumwa kwa nguvu ya karibu tani moja katika kila mita moja ya urefu wake, na hiyo ni endapo udongo ni mkavu. Mvua ikinyesha na maji yakakosa pa kutokea nyuma ya ukuta, nguvu hiyo inafika kama tani mbili, kwa maana maji husukuma kwa uzito wake wote bila kujizuia, tofauti na udongo ambao punje zake hushikana. Kisha akasema jambo ambalo mwalimu alilirudia mara mbili kwa sauti, kama afanyavyo mwalimu wa hesabu akipata mfano mzuri: nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na kimo, bali kwa kimo kilichozidishwa kwa chenyewe. Ukuta ukiwa mrefu mara mbili, unasukumwa mara nne.

Sikuwa nimelifahamu hilo namna hiyo. Nimeona kuta nyingi zilizotokeza tumbo katika miji yetu ya milimani, nikadhani saruji ilikuwa haba. Huenda saruji ilitosha, ila hapakuwa na matundu ya kutolea maji. Matundu yenyewe ni kitu cha bei ndogo: vipande vya bomba kila baada ya mita moja na nusu au mbili, na nyuma yake tabaka la kokoto ili maji yashuke bila kuondoka na udongo. Lakini kwa kuwa ukuta wenye matundu hauonekani nadhifu, wenye nyumba huyaziba kwa plasta.

Juu ya kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa, ulimwengu umepata fundisho la kutisha. Mwezi Juni mwaka 1972, huko Sau Mau Ping katika Hong Kong, ngema ya kifusi kilichokuwa kimejazwa kando ya barabara ililowa kwa mvua nyingi, ikalegea, ikateremka kama uji juu ya makazi ya watu. Walikufa watu 71. Miaka minne baadaye, mahali hapo hapo, kifusi kingine kikaanguka na kuua 18, na mwaka uliofuata serikali ya kule ikaunda ofisi maalumu ya kusimamia miteremko. Kifusi cha mwalimu wetu ni kidogo mno ukilinganisha na kile, na wala si mlima. Lakini tabia ya udongo ni moja: uliomwagwa tu una nafasi za hewa, na nafasi hizo maji yatazijaza siku moja. Ndiyo maana hujazwa kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kila tabaka ikinyunyiziwa maji kiasi na kushindiliwa kabla ya nyingine. Kazi hiyo inachosha, wala haina kitu cha kumwonyesha mgeni.

Sasa shauri la mhandisi. Hakuomba nondo zaidi, wala ukuta mnene zaidi. Alishika kamba akasema nyumba igeuzwe. Ilale kwa kufuata ubavu wa mlima, si kwa kushuka nao. Upana wa mita 8 ndio utakaoshuka, na katika mita 8 ardhi inashuka mita 1 tu. Nusu yake ikatwe upande wa juu, nusu ijazwe upande wa chini, na udongo unaokatwa ndio huo huo utakaojaza, ukiondoa ule wa juu wenye mizizi na samadi, ambao utapelekwa bustanini. Ukuta wa chini utabaki na kimo cha nusu mita cha kuzuia udongo. Nguvu ya kuusukuma, udongo ukiwa mkavu, itakuwa kama kilo 75 kwa kila mita, uzito wa mtu mmoja. Sakafu itakuwa moja, bila ngazi ndani. Kutoka nje, upande wa juu, mama ataingia kwa kizingiti kidogo tu.

Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu. Mnaweza kudhani kwamba alikuwa akikagua hesabu. La hasha, hesabu aliielewa mara moja. Lililomnyamazisha ni kwamba nyumba iliyogeuzwa hivyo ingeipa barabara ubavu. Miaka 36 mtu anaishi nyumba za shule na za kupanga, na siku anayojenga yake, wapita njia wataona ukuta mmoja wenye dirisha la stoo! "Watu watasema nimejenga kwa hasira," alisema. Sikupata la kumjibu, na sidhani kwamba heshima ya namna hiyo ni kitu cha kudharauliwa. Mama ndiye aliyemjibu, akiwa pale pale juu ya tofali: "Mwalimu, hiyo barabara ndiyo itakayonipeleka chooni?"

Nakumbuka kwamba wenyeji wa nchi hii hawakuwa wageni wa miteremko. Wairaqw wa zamani, kule milimani Mbulu, walizichimbia nyumba zao ndani ya ubavu wa mlima, paa la udongo likiwa bapa na upande wa nyuma likiungana na ardhi, hata adui aliyekuja kutafuta ng'ombe angeweza kulikanyaga paa kabla hajajua kwamba chini kuna watu. Nyumba hizo zilifuata mlima na hazikubishana nao, na mashamba yaliyozizunguka yalikuwa na matuta na mifereji ya kuyaongoza maji. Hazikubeba zege wala bati wala tangi la maji, kwa hiyo siwezi kusema tuzirudie. Ila desturi ya kuuliza kwanza maji yanapita wapi, hiyo ilikuwa ya kuhifadhiwa.

Nyumba iliyokatwa nusu na kujazwa nusu ina hatari yake, na mhandisi hakuificha. Upande wa juu unakaa juu ya ardhi ngumu iliyolala hapo tangu zama, upande wa chini unakaa juu ya udongo uliohamishwa jana. Msingi ukiachwa uelee juu ya kifusi, upande mmoja utatitia na mwingine hautatitia, na ufa wa mshazari utaanzia kwenye pembe ya dirisha. Nimeziona nyufa hizo katika nyumba ya mstaafu mwingine, mtu mpole sana, ambaye kila masika hupaka rangi upya na kila masika ufa hurudi. Kwa sababu hiyo mfereji wa msingi wa upande wa chini sharti uvuke kifusi chote hadi kuifikia ardhi ya asili, hata kama utakuwa wa kina cha kumficha mtoto, na ule wa pembeni ushuke kwa ngazi, kila ngazi ikiwa bapa, kamwe usilale kwa mshazari. Juu ya mawe, mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima bila kukatika. Na mwingine juu ya madirisha. Watu wa ujenzi wananisamehe nikisema kwamba mwinjili Luka, anaposimulia habari ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, ndiye aliyekumbuka kutaja kwamba mjenzi alichimba, tena kwa kina. Katika mahubiri yetu mara nyingi tunaurukia mwamba na kuusahau uchimbaji.

Mwalimu alichimba mashimo matatu ya majaribio kwanza, kabla ya kununua hata lori moja la mawe. Mawili yalitoa udongo mwekundu mgumu. La tatu, pembeni chini, lilitoa mfinyanzi mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na unaoweza kuinua msingi mwepesi kama hamira inavyoinua unga. Kona hiyo ya kiwanja ikaachwa kuwa bustani.

Yakabaki maji. Paa la nyumba hiyo lina zaidi ya mita za mraba 112, na mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu kwetu, itamwaga juu yake zaidi ya lita 5,600. Yaende wapi? Chini ya kiwanja, hatua kama kumi kutoka mpakani, inakaa nyumba ya tofali za kuchoma ya mama mjane. Katika mpango wa kwanza hakuna aliyemtaja. Kifusi kingemkalia juu, na maji yote ya bati yangemiminika uani kwake. Huwa tunaona kwamba kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ni usumbufu na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ni gharama ya matajiri. Lakini juu ya mteremko, nyumba yako ni jambo la jirani wa chini kabla haijawa jambo lako. Sasa kuna mfereji wa kukinga maji nyuma ya nyumba, umbali wa mita moja na zaidi kutoka ukutani, unaoyapokea maji ya mlimani na kuyapeleka kwenye mtaro wa barabara. Maji ya bati yataingia kwenye tangi la lita 5,000, na yatakayozidi yatafuata mfereji huo huo. Shimo la maji machafu limehamishwa kutoka upande wa juu, ambako lingeulowesha msingi kimya kimya mwaka mzima, likawekwa upande wa chini, mbali na ukuta na mbali na mjane.

Nilimuuliza mhandisi swali ambalo nadhani kila mtu wa Manyara analo moyoni tangu tarehe 3 Desemba 2023, siku ambayo matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Je, ukuta mzuri ungesaidia? Alijibu bila kusita kwamba hapana. Kule sehemu ya mlima wenyewe ilikunywa maji ikameguka, na hakuna msingi wa nyumba ya mwalimu unaoweza kusimama mbele ya jambo la namna hiyo. Dawa yake ni mahali, si saruji: kutojenga katika mapito ya korongo, hata kama korongo limekauka kwa miaka 30 na kiwanja kinauzwa nusu bei. Waliopoteza nyumba walijengewa nyingine zaidi ya mia moja mahali pengine, Waret. Kwa hiyo kabla ya kuondoka alipanda juu ya kiwanja cha mwalimu peke yake, mwendo wa nusu saa, akitazama njia za maji. Aliporudi alisema tu, "Hapa panafaa, Mwalimu."

Hadi juma hili msingi umefika usawa wa jamvi. Fedha ya mkupuo imeliwa zaidi ya ilivyotarajiwa na vitu visivyoonekana: uchimbaji, mawe, mkanda, mfereji. Vyumba vinne vimekuwa viwili, kimoja cha wazee na kimoja cha mjukuu au mgeni, na nondo zimeachwa zimechomoza upande mmoja ili watoto waongeze wakijaliwa. Wanao wawili, walioko Arusha, hawakufurahi. Walitaka nyumba ya kupangisha sehemu. Mwalimu amewaambia waje waone. Bati bado halijanunuliwa. Upande wa barabara ameomba dirisha la stoo lifanywe kubwa na liwekewe kibaraza kidogo, na mhandisi, baada ya kupiga hesabu, amemkubalia.